Dawa ya Mbao ni Dawa ya Nini? Jua, Maji na Ukuta wa Magogo

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi pale Mafinga, uombe dawa ya mbao. Muuzaji hatakuuliza mbao zako zinaumwa nini. Atakuletea kilichopo: leo kopo la vanishi, kesho dumu la dawa ya mchwa, kesho kutwa rangi ya mafuta. Vyote vinaitwa dawa, na kila kimoja kinatibu ugonjwa wake. Mwenye nyumba anapaka, anafurahi, na baada ya misimu miwili ya mvua ukuta unatoa magamba au gogo la chini limelainika kama keki. Analaumu kopo. Mara nyingi kopo halina kosa, limepewa kazi isiyo yake.

Naandika haya nikiwafikiria watu wa Nyanda za Juu Kusini wanaojenga kwa magogo. Msitu wa Sao Hill, wilayani Mufindi, ndio shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini Tanzania, na kandokando yake gogo la msindano, au paini kama wengi wanavyouita, halitafutwi mbali. Kwa miaka mingi gogo lilipelekwa kiwandani likarudi mbao. Siku hizi utakuta nyumba za wageni, nyumba za mashambani na hata za kuishi ambazo kuta zake ni magogo mazima, yamelazwa moja juu ya jingine, yakachongwa mapengo kwenye pembe ili yashikane. Ni nyumba nzuri. Asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya chai, ukiegemea ukuta wa gogo hausikii ule ubaridi wa tofali.

Lakini nyumba ya namna hii inamtaka mwenyewe ajue jambo ambalo mwenye nyumba ya tofali anaweza kuishi bila kulijua. Mti una maadui watatu: jua, maji, na viumbe wanaoula. Kinga ya mmoja haiwi kinga ya mwingine. Neno letu moja, dawa, limewafunika wote watatu, na hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Jua linakula uso

Fikiria ukuta wa udongo wa kijijini. Ndani kuna fito, na fito zimeshikwa na udongo. Mti umejengwa vivyo hivyo, ila kwa udogo ambao jicho halifiki: nyuzi ndefu za selulosi ndizo fito, na kitu kinachoitwa lignini ndicho udongo unaozishikamanisha. Mionzi ya urujuanimno iliyomo kwenye mwanga wa jua huishambulia lignini na kuivunja vipande vidogo vinavyoyeyuka kwenye maji. Mvua ikinyesha, vinaondoka nayo. Zinabaki fito tupu, zile nyuzi za kijivu unazozihisi ukipitisha kiganja kwenye uzio wa zamani.

Kazi hii ni ya polepole kuliko watu wanavyodhani. Maabara ya Mazao ya Misitu ya Marekani, iliyopo Madison, jimbo la Wisconsin, tangu 1910, imelifuatilia jambo hili miaka mingi. Mti laini kama msindano, ukiachwa wazi bila kupakwa chochote, hupoteza takribani milimita 6 tu za uso wake kwa karne nzima. Hesabu hiyo ni ya hali ya hewa ya kwao, na sisi jua letu ni kali zaidi, tena Mufindi tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, izidishe mara tatu ukitaka: gogo la unene wa sentimita 20 haliwezi kumalizwa na jua. Kanisa la Kizhi, kwenye kisiwa cha Ziwa Onega huko Urusi, lilijengwa kwa magogo mwaka 1714. Limekarabatiwa, ndiyo, lakini limesimama.

Kwa hiyo kijivu si kuoza. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakikimbilia kupaka ukuta wa kijivu ambao hauumwi, huku gogo linalooza kweli liko nyuma ya nyumba, kivulini, na rangi yake bado nzuri.

Sasa, kama jua ni polepole hivyo, kwa nini tuhangaike nalo? Kwa sababu ya kile linachoacha nyuma. Uso uliopoteza lignini hunywa maji kama kitambaa. Nyufa ndogo hufunguka. Ukungu mweusi hupata pa kukaa. Halafu rangi yoyote utakayoipaka juu yake haina cha kushika, ni sawa na kupiga chokaa juu ya vumbi. Watafiti wa Madison walionyesha kwamba mbao mpya ikiachwa juani kwa wiki chache tu kabla ya kupakwa, rangi hushika kwa nguvu ndogo zaidi. Huku kwetu kuna nyumba hukaa mwaka mzima zikisubiri fedha ya rangi, kisha fundi anakuja na kopo, anapaka moja kwa moja. Nyumba kama hiyo inahitaji msasa kwanza, hadi uonekane mti wenye rangi yake.

Hapa ndipo kwenye suala la vanishi, na hili nimelishuhudia kwenye baraza yetu wenyewe. Magogo yalikuwa mapya, rangi ya siagi, na kila mtu nyumbani alitaka yabaki hivyo. Tukapiga vanishi ya klia, ile isiyo na rangi, koti tatu. Yaling'aa kama meza ya sebuleni. Baada ya masika ya pili upande wa magharibi ukaanza kutoa magamba. Nilibandua gamba moja kwa ukucha, nikaligeuza. Upande wake wa ndani ulikuwa umeshikwa na unyoya laini wa nyuzi za mti, kama gundi ya bahasha iliyofunguliwa kwa nguvu ikang'oa karatasi. Gamba lenyewe lilikuwa gumu bado, zima kabisa. Mti uliokuwa chini yake ndio ulioachia.

Ukilitazama gamba hilo unaelewa yote. Kitu kinachopitisha mwanga kwa jicho lako hupitisha pia sehemu kubwa ya mionzi inayoharibu. Vanishi inabaki juu, lignini inavunjika chini, na siku moja koti lote linaondoka na ngozi ya mti. Vanishi ni kinga nzuri ya mlango ulio ndani ya ukumbi. Ukuta unaopigwa na jua la saa tisa hauuwezi kwa muda mrefu, hata iwe ghali namna gani. Zipo zilizotiwa viungo vya kupunguza mionzi, na hizo hukaa muda zaidi kidogo, lakini nazo huishia huko huko.

Kinachozuia jua ni chembe za rangi zenyewe, zile zinazotia kivuli. Na kati ya zote, iliyo rahisi na imara ni kutu ya chuma, ile ile inayoufanya udongo wa Njombe na Mafinga uwe mwekundu. Shati jeupe likishaingia udongo huo, mama yeyote anajua shughuli yake, jua haliufifishi. Waswidi wamelitumia jambo hili kwa karne kadhaa. Mabaki ya mgodi wa shaba wa Falun yana chuma kingi. Waliyachoma, wakayasaga, wakayapika pamoja na maji, unga wa nafaka na mafuta ya kitani, wakapata rangi nyekundu isiyong'aa ambayo mpaka leo ndiyo sura ya vijiji vyao. Mgodi ulifungwa 1992, rangi inaendelea kutengenezwa. Uzuri wake ni kwamba haifanyi ngozi juu ya mti. Ikichakaa inapukutika kama unga, unafagia kwa brashi ngumu na kupaka tena.

Kati ya vanishi isiyozuia jua na rangi nzito inayoficha mti kuna kitu cha katikati, ndicho wengi wanachokihitaji bila kujua jina lake: steini inayopenya. Ni mafuta au utomvu mwembamba uliotiwa chembe za rangi kiasi cha kuacha mistari ya mti ionekane. Katika miaka ya 1950 maabara ile ya Madison ilichapisha mchanganyiko wa kwanza mashuhuri wa aina hii, wenye mafuta ya kitani, nta, kutu ya chuma na sumu ya ukungu. Steini hupenya na kukaa ndani ya nyuzi, hivyo haina magamba ya kutoa. Inafifia tu. Kwenye mbao iliyopigwa randa ikawa laini hukaa kama miaka 2 hadi 4. Kwenye gogo lenye uso wa kukwaruza hukaa zaidi, kwa kuwa uso huo hunywa steini nyingi. Ukitaka ushauri wangu, chagua ya kahawia au nyekundu ya udongo, isiyo nyepesi sana. Kadiri unavyoikaribia klia ndivyo unavyolikaribia jua.

Maji yanaingia kwa vichwa

Jua linachakaza, maji ndiyo yanayobomoa. Kuvu wanaoozesha mti hawawezi kuanza kazi kama unyevu wa gogo uko chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu. Hushamiri unapopita kama asilimia 28 au 30, pale ambapo kuta za chembe za mti zimeshiba. Namba hizo mbili ndizo vita yote. Ukuta unaolowa mchana na kukauka jioni utaishi. Ukuta unaolowa na kukosa nafasi ya kukauka utaoza, hata uwe umepakwa koti sita.

Nina msimamo mmoja ambao baadhi ya mafundi hawaupendi: kinga ya kwanza ya maji ni paa, wala haipakwi kwa brashi. Wazee waliojenga msonge waliteremsha nyasi mpaka karibu na ardhi, na ukuta wa udongo uliokuwa ndani ukabaki mkavu miaka mingi. Sisi tumeleta bati, na bati linauzwa kwa futi, basi tunalikata pale pale ukuta unapoishia. Kwa nyumba ya magogo paa litokeze nje ya ukuta angalau sentimita 60, na 90 ni bora. Fedha utakayoongeza kwenye bati utaiokoa kwenye steini, maana ukuta usiopigwa na mvua hauhitaji kupakwa mara kwa mara.

Kisha angalia chini. Simama barazani mvua ya Februari inaponyesha, uangalie mahali maji ya bati yanapoangukia. Tone likigonga ardhi ngumu linaruka na udongo wake, na ukutani linachora utepe mwekundu. Utepe huo ni kipimo cha bure. Unakuonyesha gogo la kwanza lilipaswa kuanzia wapi. Msingi wa mawe au tofali wa sentimita 45 juu ya ardhi unatosha sehemu nyingi, tena unakupa faida ya pili: mchwa wakitaka kupanda lazima wajenge vijia vyao vya udongo juu ya msingi, na wewe utaviona. Kama nyumba imeshajengwa chini mno, weka mifereji kwenye bati, na pale panapodondoka mwaga kokoto. Kokoto huvunja tone, halirudi juu.

Sasa vichwa vya magogo. Gogo ni fungu la mirija midogo iliyosimama ubavu kwa ubavu. Mti ulipokuwa hai ilipandisha maji kutoka mizizini. Ukilikata, midomo ya mirija hiyo inabaki wazi. Ubavu wa gogo hunywa maji taratibu, kichwa hunywa kwa pupa. Na katika nyumba ya magogo vichwa ndivyo vinavyotokeza kwenye pembe zote nne, mara nyingi nje ya kivuli cha paa, kwa sababu wajenzi wanapenda urembo wa ncha ndefu. Ukiona nyumba ya magogo imeoza, nenda kwenye pembe kwanza. Bonyeza kichwa cha gogo kwa bisibisi. Ikiingia bila ubishi, unajua. Kwa hiyo ncha zikatwe ziwe ndani ya kivuli cha paa, na vichwa vinyweshwe steini mara nyingi mfululizo, mpaka vikatae. Ubavuni koti mbili zinatosha, kichwani zinaweza kufika tano.

Halafu nyufa. Watu hushtuka gogo likipasuka kwa urefu, wakadhani wameuziwa mti mbovu. Gogo zima likikauka lazima lipasuke: husinyaa kwa kuzunguka mduara karibu mara mbili ya linavyosinyaa kutoka nje kwenda kiini, na tofauti hiyo lazima itokee mahali. Ufa wenyewe haudhoofishi ukuta. Cha kuuliza ni ufa unatazama wapi. Unaotazama chini humwaga maji, uache. Unaotazama juu ni bakuli: mvua inajaa, maji yanakwenda moja kwa moja kwenye moyo wa gogo ambako hakuna brashi iliyowahi kufika. Hiyo, hasa ikizidi milimita 6 kwa upana, ndiyo ya kuziba, na izibwe kwa kitu kinachonyumbuka. Chomeka kwanza kamba ya sponji ndani, kisha juu yake gundi laini inayovutika na inayokubali rangi. Saruji haifai. Gogo hupumua kila msimu, linavimba na kusinyaa, saruji haisogei. Inaachia upande mmoja kwa unene wa unywele, na unywele huo unatosha maji kuingia na kufungiwa ndani.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa hili. Mjenzi wa jahazi, awe wa Lamu au wa Kilwa, anajua kwamba mbao mbili zinazokutana hazizibwi kwa kitu kigumu. Anatia kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta, akiisokomeza kwa patasi na nyundo, ili mbao zikivimba ziibane na zikisinyaa iendelee kujaza. Nje, juu ya mkondo wa maji, mbao hupakwa sifa, mafuta ya papa. Chini ya mkondo hupakwa deheni ya shahamu na chokaa. Vitu vitatu tofauti kwa kazi tatu tofauti, na kila kimoja kina jina lake. Na chombo hupandishwa ufukoni kila baada ya muda kikapakwa upya, jambo ambalo nahodha haoni kama hasara. Nikisema kati ya gogo na gogo tia kitu kinachonyumbuka, nasema kalafati.

Kabla ya kuondoka kwenye maji kuna jambo moja linalowachanganya hata mafundi wazuri. Kuzuia maji yasiingie na kuyaruhusu yatoke ni mambo mawili. Unyevu hauji kwa mvua peke yake. Unatoka jikoni, bafuni, kwenye pumzi za watu waliolala, unapita ndani ya gogo kuelekea nje. Rangi nzito ya mafuta iliyofanya ngozi humzuia msafiri huyo mlangoni. Inafanya malengelenge, na chini ya lengelenge gogo limelowa. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda steini inayopenya kwa ukuta wa gogo zima, na kuiachia rangi nzito mageti na fremu za madirisha.

Wanaoula mti

Hawa ndio wanaostahili neno dawa kwa maana yake halisi, yaani sumu. Mchwa, wadudu wanaopekecha na kumwaga unga, kuvu wanaoozesha. Msindano hauna kinga yake ya asili kama mninga au mvule, na msindano mchanga wa shambani karibu wote ni mti laini wa nje, wenye utamu. Faida yake ni kwamba mti huo laini hunywa dawa vizuri. Njia ya uhakika ni ile ya kiwandani: magogo huingizwa kwenye tangi refu la chuma, hewa hutolewa, kisha dawa husukumwa kwa presha mpaka ndani. Dawa iliyozoeleka ina shaba, kromi na aseniki, nayo huacha ule ukijani unaouona kwenye mbao za dawa na nguzo nyingi.

Tatizo hutokea baada ya hapo, na hutokea saitini. Gogo limekuja na dawa yake, fundi analiweka begani pa ukuta, anachukua msumeno na kuchonga pengo la kushikana. Tazama pengo hilo: mduara wa kijani nje, katikati mti mweupe. Presha haikufika kiini. Amefungua mlango mahali pabaya kuliko pote, kwenye pembe, ambako magogo mawili yanakandamizana na maji hayakauki. Kila mkato wa saitini upakwe dawa ya mbao kwa brashi kabla ya gogo kulazwa. Ni kazi ya dakika mbili, na baada ya gogo la juu kuwekwa haiwezekani tena milele.

Na vipande vinavyobaki, tafadhali, visiende jikoni. Majivu ya mbao hizo yana aseniki, na moshi wake pia. Marekani viwanda viliacha kuitumia dawa hii kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003 kwa hofu hiyo hiyo. Huku kwetu nimeona vipande vya kijani vikichochewa chini ya sufuria ya maharage, kwa kuwa vinawaka vizuri. Wala pumba za msumeno zisitandikwe kwenye banda la kuku.

Kwa gogo lisilopitia kiwandani ipo chumvi ya boroni, unga mweupe unaochanganywa na maji. Huwaua wadudu na kuvu lakini si kali kwa binadamu kama ile ya aseniki, na ina tabia nzuri ya kujisambaza yenyewe ndani ya mti ukiwa bado na unyevu. Tabia hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Kilichoingia kwa maji hutoka kwa maji. Ukuta uliopakwa boroni ukaachwa wazi kwa mvua utaoshwa wote. Ipakwe kwanza, ikauke, kisha steini juu yake kama koti la mvua.

Oili chafu. Najua wengi mnasubiri nifike hapa. Inapatikana gereji kwa bei ya chini sana, inatia weusi mzuri, maji yanateleza juu yake kwa miezi kadhaa, na harufu yake huwakera mchwa kwa muda. Siwezi kusema haifanyi kitu. Lakini oili ya injini haikauki. Mafuta ya kitani, mafundi huyaita linsidi, hukutana na hewa yakageuka kitu kigumu ndani ya nyuzi. Oili ya injini hubaki oili, inaingia kwenye nguo za watoto wanaoegemea ukuta, na mvua inaishusha kwenye bustani ya mchicha. Imebeba masalia ya vyuma vya injini na vitu vinavyotokana na kuungua kwa mafuta; katika majaribio ya maabara imesababisha saratani ya ngozi kwa panya. Na siku utakapopata fedha ya steini, steini haitashika. Kwa nguzo ya uzio wa ng'ombe wewe amua. Kwa ukuta wa chumba ambacho mtu analala, naomba usifanye. Mafuta ya nazi na mawese nayo hayakauki, yanakuwa chakula cha ukungu.

Kazi yenyewe

Osha kwanza. Madoa meusi ya ukungu hutoka kwa jiki iliyozimuliwa kwa maji mara tatu au nne, brashi laini, na kusuuzwa sana, maana jiki ikibaki inaula mti wenyewe. Michirizi myeusi inayoshuka kutoka kwenye misumari si ukungu, ni chuma kilichokutana na tanini ya mti, hasa kwa milingoti, yaani mikaratusi. Hiyo jiki haiigusi. Inataka asidi ya oksali, na msumari ubadilishwe uwe wa mabati. Magamba ya vanishi yaliyokwishashindikana lazima yatoke yote. Marekani wenye nyumba za magogo hufanya hivyo kwa kupuliza magunzi ya mahindi yaliyosagwa, kwa presha ya hewa: yanang'oa rangi bila kuchimba mti kama mchanga unavyochimba. Sisi tuna magunzi ya kuchomea tu, na tuna msasa na mikono.

Msimu wetu wa kupaka ni Agosti hadi Oktoba. Juni na Julai magogo ya Mufindi yana umande mpaka saa nne, na ukipaka mti wenye unyevu umeufungia adui ndani. Ila Agosti ina vumbi na masizi ya moto wa porini, hivyo ukuta uoshwe, ukauke siku tatu nne, ndipo upakwe. Mwagia maji kwa vidole. Yakinyweka ndani ya dakika moja, ukuta uko tayari. Yakisimama kama matone kwenye jani la gimbi, kinga ya zamani bado ipo, usiongeze.

Maelekezo ya kopo yatakuambia ukuta wa kusini ndio unaopata jua kali. Yaliandikwa kwa ajili ya Ulaya. Hapa kwetu kusini mwa ikweta jua la Juni liko kaskazini, na mwaka mzima kuta zinazochomwa zaidi ni za mashariki na magharibi, kwa sababu jua la chini linapita chini ya paa. Fuata kivuli unapopaka: asubuhi upande wa magharibi, alasiri wa mashariki. Gogo moja likamilishwe kutoka mwisho hadi mwisho kabla ya kuanza lingine, ukingo usikauke katikati, vinginevyo utabaki na alama ya kuungia ambayo haifutiki. Ikipita robo saa, futa iliyobaki juu kwa kitambaa. Steini isiyonywewa hugeuka gundi. Na vitambaa vyenye linsidi visirundikwe kwenye kona ya stoo. Vinapokauka vinatoa joto, na vikiwa vimekunjwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze juu ya uzio, au vichovye kwenye ndoo ya maji.

Septemba iliyopita tulizunguka nyumba na kikombe. Ukuta wa kusini matone yalisimama. Wa mashariki yalisita, kisha yakaingia nusu. Wa magharibi uliyanywa kabla sijarudisha mkono kwenye kikombe. Tukapaka huo wa magharibi peke yake, lita nne, na vichwa vya magogo vya pembe zote.